Nilivyomchinja ng'ombe kwenye intavyu ya programu

Intavyu ilikuwa saa tatu asubuhi, Westlands. Kufikia saa mbili na nusu nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jengo lile, viatu nimevipangusa kwa tishu, nasoma noti kwenye simu kana kwamba naingia kufanya KCSE mara ya pili. Nilikuwa nimetoka Umoja saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sababu moja ni kwamba nawajua makanga wa Nairobi. Nyingine ni kwamba usingizi wenyewe haukuwa umekuja.

Wacha nikueleze mambo yalivyokuwa ndiyo usidhani natia chumvi. Nilikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Keateka wa ploti alikuwa ameacha kuniita "madam" na kuanza kuniita kwa jina lile la kwenye kitambulisho, na ukisikia hivyo jua kufuli imeshanunuliwa. Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Sikufukuzwa wala sikufeli, karo iliisha tu, vile bando huisha katikati ya video. Nikapata kazi kwenye saiba moja mtaani, kuwafungulia watu akaunti za eCitizen na kuwajazia ritani za KRA, na wateja wakipungua najifunza Python kwenye kompyuta ya pembeni ambayo kibodi yake haina herufi ya Q. Ni miaka miwili hivyo.

Kwa hivyo nilipopigiwa simu kwamba kuna kampuni inataka kuniona, kwa kazi ya kuandika programu, sikumwambia mtu ila mama. Yeye huuza mitumba Gikomba na hajawahi kuelewa hasa ninachosomea. Aliniuliza swali moja: "Ni kazi ya kukaa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Enda."

Kitu kimoja kabla sijaendelea. Wasee wengi wa hii kazi husema "kodi" wakimaanisha yale maagizo unayoandikia kompyuta. Mimi nitasema msimbo. Kwangu kodi ni ile ya landilodi, na siku hiyo ndiyo iliyonipeleka Westlands.

Nilikuwa nimejitayarisha vibaya sana, ila sikujua. Wiki tatu nzima nilikuwa nalala LeetCode, mtandao ule wa maswali ya intavyu, nikifanya yale ya kupindua mti juu chini na ya kutafuta njia fupi katika ramani ambayo hakuna mtu atakayewahi kuipita. Nilikuwa nimekariri majibu mengine. Kukariri tunakujua, si ndiyo tumelelewa nako tangu nasari.

Chumbani nikakuta watu watatu. Jamaa wa miwani aliyevaa hudi, dada mmoja aliyekuwa na kikombe kikubwa cha chai, na mama mmoja wa idara ya wafanyakazi aliyeandika kila kitu kwenye daftari bila kuinua kichwa. Jamaa akanisogezea laptopu.

"Sisi hupokea SMS kutoka kwa wakulima wa ng'ombe wa maziwa," akasema. "Faili hili lina jumbe 4,000. Tunataka maneno kumi yanayotokea mara nyingi zaidi. Tumia lugha yoyote ya programu unayoijua. Una dakika arobaini."

Nikangoja sehemu ya pili ya swali. Haikuja.

Kusema ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni kudharauliwa. Kuhesabu maneno? Mimi niliyekesha na miti? Kitu cha pili ni hofu, kwa sababu swali rahisi halina mahali pa kujificha. Ukifeli swali gumu unasema lilikuwa gumu. Ukifeli hili utaambia watu nini?

Nikaanza vile mtu mwenye haraka huanza. Nikafungua faili, nikayapasua maandishi yote kila palipo na nafasi, nikapata orodha ya maneno kama 48,000 hivi. Halafu nikaiambia kompyuta: chukua neno la kwanza, pitia orodha yote uhesabu limetokea mara ngapi. Chukua la pili, pitia orodha yote. Na kadhalika mpaka mwisho. Nikabonyeza.

Feni ya laptopu ikaanza kulia. Dakika moja ikapita. Dada wa chai akaniuliza kwa upole, "Unadhani inafanya nini saa hii?"

Hebu tupige hesabu pamoja. Maneno 48,000, na kwa kila moja unapitia maneno 48,000. Hiyo ni 48,000 mara 48,000, yaani zaidi ya bilioni 2.3 za kulinganisha neno na neno. Kwa jumbe 4,000 tu. Wakulima wakiwa mara kumi zaidi, kazi haiongezeki mara kumi, inaongezeka mara mia. Nilikuwa nimesoma jambo hili darasani, nikalifanyia mtihani na nikapata alama nzuri. Lakini sikuwa nimewahi kulisikia likilia kwa feni.

Nikasimamisha programu. Mikono ilikuwa baridi. Na kilichoniokoa, amini usiamini, si darasa wala LeetCode. Ni Gikomba.

Mama akikata belo la mashati, haokoti shati moja halafu akalitafutia wenzake belo lote, kisha akarudi kuokota la pili na kuanza kupekua upya. Angefunga kazi usiku wa manane. Yeye huokota shati mara moja tu. Anaangalia, anatupa kwenye rundo lake: kamera huku, yaani zile safi kabisa za kwanza, za wastani pale, fagia kule. Belo likiisha, anahesabu marundo. Kila shati limeguswa mara moja.

Python ina chombo cha kazi hiyo hiyo na kinaitwa kamusi. Unachukua neno. Kama halipo kwenye kamusi, unaliandika na kuweka 1 kando yake. Kama lipo, unaongeza 1. Uzuri wa kamusi hii ni kwamba kompyuta haifunui kurasa kutafuta neno. Inalichukua neno lenyewe, inalipitisha kwenye hesabu fulani inayozaa namba, na namba hiyo inasema neno limewekwa rafu gani. Inaenda moja kwa moja. Maneno 48,000, hatua 48,000. Basi. Nikabonyeza tena na jibu likaja kabla sijatoa kidole.

(Kuna kifaa ndani ya Python kinachoitwa Counter ambacho hufanya yote haya kwa mstari mmoja. Nilikijua. Nilikisahau. Hofu hufuta vitu vya ajabu.)

Jibu lilikuja haraka lakini lilikuwa bovu. "Maziwa" lilikuwa neno moja, "maziwa," lenye koma lilikuwa jingine, "maziwa." lenye nukta la tatu, na "Maziwa" la mwanzo wa sentensi la nne. Kwa mashine hayo ni maneno manne tofauti, kwa sababu haioni neno, inaona namba. Tangu viwango vya ASCII vya miaka ya 1960, A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Wewe unaona ndugu wawili, yenyewe inaona namba mbili ambazo hazijuani. Kwa hivyo nikageuza herufi zote ziwe ndogo. Kisha kuhusu koma na nukta nikatoa kauli iliyoonekana ya busara kabisa: neno ni mfululizo wa herufi kutoka a hadi z. Kitu kingine chochote ni ukuta kati ya maneno.

Nikabonyeza. Orodha ikatoka safi, kumi kamili, imepangwa kutoka juu hadi chini:

na 2,310
ya 1,764
wa 1,520
ni 1,012
kwa 890
ng 731
wangu 702
maziwa 655
ngombe 561
ombe 548

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tisa. Nikaegemea kiti. Nikafikiria keateka. Nikasema, "Nimemaliza."

Hakuna aliyesema kitu. Yule mama wa idara ya wafanyakazi ndiyo mara ya kwanza akainua kichwa. Jamaa wa miwani akaweka kidole kwenye skrini, mstari wa mwisho.

"Ombe ni nini?"

Nikaangalia. Ombe. Nikadhani ni jina la mtu. Nikadhani ni lugha ambayo siijui, maana wakulima ni wa kila kaunti. Nikapandisha macho nikaona "ng", mara 731, na hapo damu ikaniishia usoni. Ng. Ombe. Nilikuwa nimemkata ng'ombe vipande viwili na kumpanga mezani, kichwa nafasi ya sita, mwili nafasi ya kumi.

Nikaangua kicheko. Si cha kujiamini, ni kile cha kwenye matanga, kinachotoka bila ruhusa. Nikasema kwa sauti, "Nimechinja ng'ombe wa watu." Dada wa chai akacheka pia, karibu amwage kikombe.

Mwalimu wangu wa Kiswahili darasa la tano alikuwa na vita na kialama hiki. Kinaitwa ritifaa. Alikuwa akituandikia ubaoni: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'ata. Halafu chini yake: ngoma, ngazi, nguo. Tunasoma kwa sauti darasa zima, na ukisahau ritifaa kwenye imla umekosa neno zima, hakuna nusu alama. Tulimwona msumbufu. Miaka kumi na kitu baadaye, ghorofa ya nne Westlands, nikamkumbuka kwa heshima zote. Ritifaa katika ng' si nukta wala koma. Haitenganishi kitu. Ni sehemu ya herufi. Mimi nilikuwa nimeiita ukuta.

Na ukishaona kosa moja, mengine yanajitokeza kama kunguni ukiinua godoro. Kwa nini "ng" ni 731 na "ombe" ni 548? Wengine 183 wametoka wapi? Nikafungua jumbe zenyewe, kitu ambacho nilipaswa kufanya dakika ya kwanza, na nikaona. Wakulima huweka jina mwisho wa ujumbe. Akina Ng'ang'a walikuwa wengi, na kila mmoja nilikuwa nimemgawa mara tatu: ng, ang, a. Akina Ng'eno nao ng na eno. Sikuwa nimekata ng'ombe pekee. Nilikuwa nimekata na wenyewe.

Dakika kumi na tano. Nikabadilisha kauli: neno ni herufi, na ritifaa inaruhusiwa ikiwa tu imetanguliwa na n na g. Ni kanuni ya mwalimu wangu, neno kwa neno. Nikabonyeza. "Ng'ombe" akatokea mzima, mara 402.

Nikafurahi kwa sekunde tatu hivi. 402? Si walikuwa 548?

Hapa ndipo nilijifunza kwamba Wakenya tunaandika ritifaa kwa njia nyingi kuliko tunavyopika githeri. Kuna ile iliyonyooka, ', ambayo ni namba 39 kwa kompyuta. Kuna ile iliyopinda, ’, ambayo simu nyingine huiweka zenyewe bila kukuuliza ili maandishi yapendeze, na hiyo haimo kabisa katika ASCII, iko Unicode, na namba yake ni tofauti kabisa. Kuna wale wanaotumia kile kimstari cha kulala upande wa pili, `, namba 96. Kwa macho yako zote ni kitu kimoja. Kwa mashine ni wageni watatu. Waliopinda walikuwa 118 na wa kulala 28. Jumlisha na 402, unapata 548. Nikaandika mstari mmoja wa kugeuza zote ziwe ile iliyonyooka kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Halafu kulikuwa na wale 561 walioandika "ngombe" bila chochote. Wengi kuliko walioandika sawa! Mwalimu wangu angelia. Lakini huwezi kumlaumu mtu mwenye kabambe, yupo zizini, mkono mmoja umeshika ndama.

Kishawishi hapa ni kusema: basi tuondoe ritifaa zote, kila mtu awe "ngombe", tuende nyumbani. Nilikaribia kufanya hivyo. Jamaa wa miwani akauliza tu, "Kuna maneno mawili yatakayogongana?" Nikafikiri. Ng'oa ni kung'oa jino au mti. Ngoa, bila ritifaa, ni neno la watu wa pwani, ni wivu au tamaa. Sidhani kuna mkulima aliyetuma SMS kuhusu ngoa, lakini swali lilikuwa la haki. Ukifuta alama unafuta tofauti. Kwa hivyo badala ya kufuta, nikaweka orodha fupi ya masahihisho: ukikuta "ngombe", soma "ng'ombe". Ni njia isiyovutia, na kila neno jipya litahitaji mtu wa kuliongeza kwa mkono. Nikawaambia hivyo.

Orodha ya mwisho ilikuwa hivi: na, ya, wa, ng'ombe, ni, kwa, wangu, maziwa, dawa, kupe. Ng'ombe 1,109, nafasi ya nne. Na tazama mwisho wa orodha. Dawa na kupe hawakuwepo mwanzoni, walikuwa wamesukumwa nje na vipande vya ng'ombe wangu. Ukiwa kampuni inayosaidia wakulima, "kupe" ni habari. "Ombe" si habari.

Dakika tatu zikabaki. Dada wa chai akaniambia kitu ambacho bado kinanichekesha. Programu yao wenyewe ya kwanza ilifanya kosa lile lile, na kwa miezi kadhaa kulikuwa na mchoro kwenye ripoti zao ukionyesha "ombe" ikipanda kila wiki. Kuna mtu kwenye mkutano alidhani ni dawa mpya sokoni, akaomba ijadiliwe.

Baadaye, nikitafuta kuona kama kuna wengine walioaibishwa na swali hili, nilikuta kwamba lina historia. Mwaka wa 1986, Jon Bentley, aliyekuwa na safu kwenye jarida la Communications of the ACM, alimpa Donald Knuth swali hili hili: soma maandishi, toa maneno yanayotokea zaidi na idadi yake. Knuth ni mmoja wa wazee wakubwa wa taaluma hii, yule aliyeandika vitabu vya The Art of Computer Programming. Akaandika programu ndefu, yenye maelezo ya kila kitu, iliyojaza kurasa nyingi za jarida. Bentley akampa Doug McIlroy wa Bell Labs aihakiki. McIlroy, mtu ambaye wazo lake ndilo lililoipa Unix ile njia ya kuunganisha programu ndogo ndogo kama mifereji, aliisifu kazi ya Knuth, kisha akaonyesha kwamba kazi yenyewe inafanyika kwa amri sita tu za Unix zilizounganishwa: tr, tr, sort, uniq, sort, sed. Mistari sita.

Watu wamebishana kuhusu hao wawili hadi leo, nani alikuwa sawa. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye amri ya kwanza ya McIlroy. Inasema: kila kisicho herufi kati ya A na Z, geuza kiwe mwanzo wa mstari mpya. Nikacheka peke yangu ndani ya saiba. Mzee naye alikuwa anachinja ng'ombe.

Si lawama. Yeye alikuwa na Kiingereza mbele yake, na hata Kiingereza chenyewe kina ritifaa zake ambazo amri hiyo huzikata. Lakini kile kijisehemu, A mpaka Z, kimenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu na video hadi video mpaka kikanifikia mimi Umoja, nami nikakiandika bila kuuliza ni herufi za nani. Na Kiswahili tuna bahati, shida yetu ni ritifaa tu. Chukua Gĩkũyũ: mkulima ni mũrĩmi. Ukisema neno ni a hadi z, unapata m, r na mi. Chukua Kijaluo, ambako ng'ombe ni dhiang', ritifaa iko mwisho kabisa wa neno. Ile kanuni yangu ya "imetanguliwa na n na g" inamwokoa, lakini programu nyingi husafisha alama za mwisho wa neno kwa mazoea, na zikifika kwa jina kama Anyang' zinalipangusa mkia. Kama una ritifaa kwenye jina lako na umewahi kuambiwa na fomu ya mtandaoni kwamba jina lako "si sahihi", sasa unajua ni nini kilitokea. Kuna mtu mahali fulani aliandika a hadi z.

Ndiyo maana nikiulizwa na vijana pale saiba wajitayarishe vipi, siwaambii waache LeetCode. Ila nawaambia wafanye na hili: WhatsApp inakuruhusu kutoa gumzo lote la kundi kama faili la maandishi. Toa la familia yenu, hesabu maneno kumi. Utashangaa. La kwetu, mara ya kwanza, yaliyoongoza yalikuwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo WhatsApp huweka mahali palipokuwa na picha. Nilipoyaondoa, likaongoza "amina". Nilipoangalia zaidi nikakuta "amina", "ameen", "amen" na "ameeeen" ya shangazi mmoja, ambayo idadi ya e hubadilika kulingana na uzito wa ombi. Jaribu kuandika kanuni ya hiyo.

Na kitu kingine, hiki ni changu mwenyewe. Kosa langu kubwa siku ile halikuwa ritifaa. Ni kwamba sikuuliza swali hata moja kabla ya kuanza kuandika. Neno ni nini? Maandishi ni ya lugha gani? Maneno mawili yakifungana nafasi ya kumi nifanyeje? "Na" na "ya" mnayataka kweli, au niyatoe? Shuleni, ukimuuliza msimamizi wa mtihani swali anakuambia swali liko sawa, soma tena. Kwa hivyo nilisoma tena, kimya. Dada wa chai aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanangoja niulize tangu mwanzo, na kwamba karibu hakuna anayeuliza. Nilimwambia angesema. Akasema hapana, hiyo ndiyo iliyokuwa intavyu.

Tulipomaliza, mama wa idara ya wafanyakazi akafungua ukurasa mpya. "Shahada yako ulimaliza mwaka gani?"

"Sikumaliza."

Akaandika kitu. Kilikuwa kirefu kuliko "sikumaliza".

Siku tisa. Siku ya sita keateka aliniambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Siku ya tisa dada wa chai akapiga simu mwenyewe. Akasema wao wawili walinichagua, lakini utaratibu wa kampuni unataka mwenye kazi ya kudumu awe na shahada, na mama yule hangeweza kuupinda. Wanachoweza ni kandarasi ya miezi mitatu, kwa karibu nusu ya mshahara uliotangazwa.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Sijivunii hilo. Kuna rafiki yangu aliyeniambia ningebishana, kwamba kama kazi ni ile ile pesa ziwe zile zile, na nadhani yuko sahihi. Lakini yeye hakai ploti yetu. Swali alilopaswa kuulizwa mtu wa shahada na swali nililoulizwa mimi lilikuwa moja, na jibu langu walilikubali. Karatasi ndiyo iliyobadilisha bei. Niko mwezi wa pili sasa na bado linanikwaza kila tarehe ya mshahara.

Kazi yangu ya kwanza, Jumatatu ile, ilikuwa fomu ya kusajili wakulima. Kulikuwa na malalamiko kutoka Nyandarua na Bomet kwamba haikubali majina. Nikafungua msimbo, nikaenda kwenye mstari unaokagua jina. Unajua nilichokikuta.

Jioni nilipita Gikomba. Nikamweleza mama yote, polepole, mashati na marundo na ng'ombe waliokatwa. Alikuwa anakunja suruali za watoto, haonekani kusikiliza. Nilipomaliza akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo walikuwa wangapi?"

"Nani?"

"Si ng'ombe."

"Elfu moja mia moja na tisa."

Akaitikia kwa kichwa, akanirushia lile rundo lingine nimsaidie kukunja.